Matuta Mawili Mbele ya Mlango

Katika vilima vya Ileje, enzi za utawala wa Mwingereza, uwanja wa mbele ya nyumba haukupandwa kitu. Ulifagiliwa kila alfajiri hadi udongo ukang'aa, na mwanamke alipimwa kwa uwanja wake. Baba yangu, mwalimu wa shule ya misheni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kwetu kuutia maua, na aliutia kwa ajili yangu.

Ulezi ulikwisha kuvunwa. Tulikuwa tumepata habari kwamba wazee wa ng'ambo ya bonde wangekuja kuniposa kwa niaba ya kijana seremala niliyeimba naye katika kwaya moja. Nilimtaka kijana yule. Sioni haya kuliandika hilo sasa, uzeeni. Baba naye alimpenda, akataka wageni waione heshima ya nyumba kabla hawajaketi.

Alibuni kwa uangalifu uleule aliokuwa nao alipoandika ubaoni. Aliyakataa maumbo ya duara na nyota ya bustani ya misheni, akisema yanachosha macho. Alitaka mistari iliyonyooka: tuta moja kulia kwa njia ya mlangoni, jingine kushoto, marefu kuliko mapana, yameinuliwa ili maji yasituame, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Ndani yake tulifukia mashina ya maua mekundu yenye majani mapana, tuliyopewa misheni. Yalikuwa bado hayajachipua. Udongo ulikuwa mtupu, mweusi, umelainishwa kwa mkono.

Shangazi alipopita na mtungi wake alisimama, akaangua kicheko.

"Kaka, mbona hukutuita msibani? Umewazika akina nani?"

"Dada, wewe nawe! Ngoja yachanue."

"Mimi nitangoja. Wakwe je?"

Tulicheka sote, hata mama.

Siku ya ugeni mama alipika kuku, akatandika mikeka mipya. Jua likapanda, likashuka, hakuja mtu. Jioni shangazi alirudi kutoka mtoni, na safari hii hakucheka. Alikuwa amewakuta wazee wawili wameketi kando ya maji, jembe la posa, lile la kumwombea kijana mchumba, limefungwa katika kitambaa cheupe. Walimpa pole. Walikuwa wamefika hadi kwenye kona ya njia, wakaona makaburi mawili mabichi mbele ya mlango wetu. Siku zile wafu walizikwa karibu na nyumba, na kaburi lilizungushiwa mawe. Wala jembe la posa halikuingizwa katika nyumba yenye kaburi bichi.

"Nimewaapia kwamba ni maua," alisema shangazi. "Wameniuliza, maua gani, mbona hawakuona hata moja?"

Mama aliifunika sufuria ya kuku.

Kulipopambazuka baba alishika njia ya ng'ambo ya bonde kwenda kueleza. Nilibaki na matuta yale. Niliyatazama kutoka kwenye kona ya njia, mahali waliposimama wale wazee, na sikuweza kuwalaumu. Tangu hapo nimelifikiria mara nyingi duara lile ambalo baba hakulitaka. Nimefundisha wasichana maisha yangu yote, nimewaoza wengi wao. Mimi mwenyewe sikuolewa. Yule kijana alivuka mpaka pale Tunduma kabla ya mvua, akaenda kwenye migodi ya shaba, na huko akaoa.

Baba alirejea kesho yake, vumbi hadi magotini. Walimkaribisha vizuri, alisema, wakamlisha. Kisha mzee wao akamwambia: "Mwalimu, tunakuamini. Lakini jembe limekwisha kurudishwa ndani, na mama wa kijana anaogopa mkosi. Tuishie hapo."

Alikaa chini, ukingoni mwa tuta la kulia, kofia mkononi. Aliniuliza kama maua nimeyamwagilia maji.

Nikamjibu kwamba nimeyamwagilia.