Bomba la Madino

Mumewe Salad alipofariki, Madino alisema bomba la uani mwake liwe sadaka ya marehemu. Mwenye mtungi aingie, achote, amwombee Salad dua, aende. Hakuna aliyelipa. Majirani wote tulichota pale, na mimi nikiwamo, mtoto mgongoni, mwingine kanishika buibui. Nilipojifungua huyu mdogo, Madino ndiye aliyenijazia karai asubuhi, kabla hajapeleka maziwa ya ngamia sokoni. Tunamwita habaryar, mama mdogo, ingawa hana undugu na yeyote hapa mtaani.

Mwaka jana watu wa maji walituita ukumbini tutoe maoni kuhusu bei mpya. Wanawake tulikaa nyuma. Kijana wa ofisini, Abdihafid, alieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali: anayetumia maji kidogo atalipa bei ya chini, na kadiri mtu anavyotumia mengi, ndivyo bei ya kila uniti itakavyopanda.

Madino akainuka, na yeye si mtu wa kusema mbele ya wanaume.

"Hiyo ni kama zaka," alisema. "Mwenye ngamia wengi atoe zaidi. Hawa wenye hoteli watoe. Mimi nakubali."

"Leo habaryar amekuwa kadhi," jirani yetu Maka alininong'oneza, tukacheka. Ukumbi mzima ulinyoosha mikono. Mimi pia.

Hakuna aliyeifikiria mita. Mita haijui nani kanywa. Kwake, sisi sote tulikuwa Madino, na Madino alikuwa hoteli.

Bili ya kwanza ilipokuja aliniomba nimsomee. Nilirudia kuisoma nikitumaini nimekosea. Kisha nikamsindikiza ofisini. Abdihafid alimpa kiti.

"Hooyo, mama yangu, jiandikishe kama kioski," alimwambia. "Kioski kina bei moja, haipandi. Utauza kila mtungi kwa bei ndogo tu."

"Niuze sadaka ya Salad?"

"Basi funga geti, uchote peke yako."

"Na jirani akibisha?"

Abdihafid aliangalia kompyuta yake. "Hooyo, si ulisimama mwenyewe ukakubali? Nilikuwepo."

"Nilikubali," Madino alisema. "Sijakana."

Jioni tulimwendea, tukataka tuchange.

"Tutalipa sote, habaryar," Maka alimwambia. "Usikatae."

"Mkilipa, hayo ni maji yenu. Salad atapata nini?"

"Apate nusu," Maka akasema, akitaka kumchekesha. Madino alijifunika shungi lake, akatuambia tujaze mitungi kabla giza halijaingia.

Akawa anauza mbuzi wake, mmoja baada ya mwingine. Walipokwisha alikwenda ofisini mwenyewe akaomba wamkatie. Alisema afadhali bomba lisiwepo kabisa kuliko liwepo na jirani afungiwe mlango. Fundi aling'oa mita mchana, sisi tumesimama na mitungi mitupu, na Madino akamletea maziwa anywe, maana alikuwa mgeni.

Siku hizi tunanunua maji ya mto Tana kwenye mikokoteni ya punda, maji mazito ya tope. Mwanangu mdogo tumbo halijatulia. Madino naye huja foleni na mtungi wake. Tunamwambia apite mbele, hapiti.

"Wewe una watoto," huniambia, akanipisha, na mimi huwa sijui nitazame wapi.