Mutheu hafungi amri kabla haijasomwa kwa sauti

Saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi, mjini Machakos, Mutheu Ndunda anakodolea macho kioo cheusi cha kompyuta kama mtu anayemchungulia mbwa asiyemwamini. Chai yake imepoa.

Zimebaki dakika ishirini na tano. Saa mbili kamili mtambo utatuma wenyewe, na wagonjwa wa sukari na presha 3,118 wa zahanati hii ya misheni na matawi yake watapokea ujumbe wa simu: kliniki yako ni siku fulani, mahali fulani. Wengi wao wanashika siku zao kwa ujumbe huo peke yake.

Leo kuna badiliko. Kliniki ya tawi la Kalama inahama kutoka Jumanne hadi Alhamisi, na ni wagonjwa wa Kalama tu wanaohusika. Daftari la Sista Ndila, muuguzi wa huko, linasema ni 286.

Mutheu, mwenye umri wa miaka 34, ndiye mtunza rekodi. Hana vitufe vya rangi vya kubofya. Anaandika amri kwa maneno, mstari baada ya mstari, na kompyuta inatii bila kuuliza. Kwa kuwa kioo hicho hakikuruhusu kurudi mstari wa juu ukishakosea, amri ndefu huifungulia ukurasa wa pembeni, programu ya kuandikia, anapoweza kufuta na kupanga kama kwenye daftari. Akimaliza huhifadhi, hufunga ukurasa, na maneno yote hurudi kwenye kioo cheusi.

Hapo ndipo palipomponza.

Kwa miaka minne alifanya kazi kama hii katika duka la vifaa vya ujenzi pale Tala. Programu ya huko ilikuwa na subira: ukifunga ukurasa, amri inakaa ikikungoja uiruhusu. Akaizoea, na mazoea yana taabu.

Machi mwaka jana, miezi miwili tu tangu aajiriwe hapa, aliandika amri ya kuhamisha wagonjwa wachache kwenda kliniki ya Kalama, ambayo wakati huo ilikuwa siku ya Alhamisi. Alikuwa tayari ameweka nuktamkato, ile alama ya kuiambia kompyuta kwamba amri imekamilika, lakini hajaandika mstari wa kusema ni wagonjwa gani. Akaitwa dirisha la dawa. Akahifadhi, akafunga ukurasa, akaenda. Programu ya hapa haina subira. Ikiona alama hiyo, inatekeleza papo hapo.

"Nilirudi nikapata imeandika karibu elfu tatu," anasema. "Watu wote."

Saa mbili ilikuwa imepita na ujumbe umeshaenda. Alirejesha rekodi kutoka nakala ya jana yake, akatuma masahihisho. Wengi waliyapata. Mzee Wathome wa Kangundo hakuyapata, simu yake ilikuwa imezima. Jumanne, siku yake ya kliniki katika tawi la Kangundo, akakaa nyumbani. Alhamisi akafika Kalama, dawa yake haipo, akaanguka barabarani. Alilazwa siku tatu.

"Nilimpelekea machungwa wodini," Mutheu anasema. "Nilishindwa kumuangalia kwa macho."

Msimamizi alimwambia wazi: kosa lingine kama hilo, ananyang'anywa nenosiri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Mutheu hufungua kwanza njia ya kurudi nyuma, inayomwezesha kufuta alichofanya kabla hakijakubaliwa. Kisha huandika amri bila ile alama ya mwisho, hufunga ukurasa, na humwita Ayub wa dirisha la dawa aisome kwa sauti. Ayub akiridhika, ndipo alama inawekwa.

"Hamisha siku kuwa Alhamisi," Ayub anasoma, kidole kwenye kioo, "kwa kila mgonjwa anayekaa Kalama. Iko sawa, Mutheu. Weka."

Anaweka. Jibu linatokea: 287.

Saa inasema moja na dakika arobaini na nane.

"Ni mmoja tu," Ayub anasema. "Pengine Sista alihesabu vibaya. Wacha ipite, muda umeisha."

"Mzee Wathome alikuwa mmoja," Mutheu anajibu, na anafuta kila kitu.

Anampigia Sista Ndila. Wanapitia majina mbiombio, moja moja, hadi la Kavindu, bibi wa miaka 71.

"Huyo anakaa huku, lakini dawa anachukulia Kangundo kwa msichana wake," Sista anasema. "Si wangu."

Kosa ni la Mutheu: ameuliza mtu anakaa wapi, badala ya anatibiwa wapi. Anafungua ukurasa tena, anabadilisha mstari mmoja, anafunga. Ayub anasoma upya, safari hii polepole hata kuudhi. Alama. 286. Mutheu anakubali badiliko zikiwa zimebaki dakika mbili, kisha analaza kichwa mezani.

Saa mbili na dakika nne simu yake inalia. Ni Mzee Wathome. Mutheu mwenyewe ndiye aliyemwomba mzee, tangu wodini, awe akimsomea kila ujumbe anaopata.

"Imeandika Kangundo, kesho Jumanne," mzee anasoma. "Ni ukweli, mwiitu?" anauliza, akimwita binti kwa Kikamba.

"Ni ukweli, mzee."

Mutheu ameomba ruhusa ya kuwafundisha watunza rekodi wa matawi yote matatu kazi hii ya kusomeana. Somo la kwanza anataka mzee aketi mbele yao. "Wamuone yeye kwanza," anasema, "ndio waone kompyuta."

Anamuuliza mzee kama atakubali kuja.

"Nitakuja," Mzee Wathome anajibu. "Lakini isiwe Jumanne. Jumanne niko na kliniki."