Béatha anajenga upya nyumba za Gitega zilizobomolewa

Saa mbili asubuhi, Batsinda, Kigali. Béatha Mukasine anavuta pazia zito la dirisha, anawasha kompyuta mbili na kujimiminia chai ya maziwa. Kwenye skrini kuna ukuta wa udongo, mlango wa bluu na bati lenye kutu. Waigizaji wa filamu mpya walirekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani. Kazi yake ni kuwachorea kwa kompyuta mtaa wa kusimama.

"Mtaa wenyewe haupo tena," anasema. "Nyumba hizi za Gitega, hapa Kigali, zilibomolewa. Nazijenga upya kwa kutazama picha za zamani."

Béatha, mwenye umri wa miaka 43, alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda. Baba yake, Nsabimana, alikuwa na studio ya picha ya chumba kimoja, na mapazia ya nyuma aliyachora mwenyewe: maporomoko ya maji, ndege, hoteli ya ghorofa tano. Jumapili baada ya misa, familia zilipanga foleni na nguo zao mpya.

"Baba alikuwa akiniambia, 'Kabla hujachora chochote, uliza jua liko wapi.' Watu waliicheka ile hoteli kwa sababu ilipinda, lakini kivuli chake kilikuwa sawasawa," anakumbuka, kisha anacheka mwenyewe.

Alipofika Kigali alianza kwa kusafisha picha za harusi. Kazi yake ya kwanza ya filamu, miaka tisa iliyopita, ilimwendea vibaya. Alirundika watu, magari, vumbi na vivuli katika picha moja. Kompyuta ilichora siku tatu mfululizo ili kutoa sekunde kumi na mbili tu za filamu. Mwongozaji alitazama mara moja: kivuli cha gari kilielekea kushoto, vya watu kulia. Muda ulikuwa umekwisha. Kazi akapewa mwingine.

"Nililia kama mtoto," anasema.

Tangu siku hiyo kila kitu hukitoa kwa tabaka lake: mwanga peke yake, vivuli peke yake, vumbi peke yake. Kisha huyaunganisha. Na haiachii mashine kazi nzima kabla ya kujaribu picha moja ndogo.

Mwezi uliopita Régis, mwongozaji wa filamu hii mpya, alimleta Mukantwari, bibi aliyeishi mtaa huo miaka thelathini. Bibi alitazama, kisha akagusa skrini.

"Hapana, mwanangu. Asubuhi jua iko inaingia kwa mlango. Pale ndiyo nilikuwa nachagulia maharage. Wewe umeweka giza."

Béatha alirekebisha tabaka la mwanga na la vivuli tu, mengine hakuyagusa. Baada ya dakika ishirini jua likaingia mlangoni.

"Yooo!" Mukantwari alishika kichwa. Akaanza kutaja majirani, mlango kwa mlango: nani alishona, nani aliuza mkaa, nani aliimba akifua. Régis alisahau filamu, akawa anamrekodi kwa simu.

Sasa Béatha anataka kila Jumamosi kumkaribisha mkazi mmoja wa zamani, akae kando yake amwelekeze nyumba yake ilivyokuwa. Tayari ana majina kumi na moja.

"Mmoja ana miaka tisini na moja," anasema. "Huyo siwezi kumwambia asubiri. Anakuja Jumamosi hii."