Njia Iliyokanyagwa Sana

Mume wangu alichekwa maisha yake yote kwa kupotea njia ya Newala, na alistahili kuchekwa nusu tu. Nusu nyingine ni yangu. Ameshatangulia mbele ya haki, hawezi kunigombeza, basi naandika. Herufi nilifundishwa ukubwani, msimu mmoja tu, mpaka mihogo ilipokuwa tayari kuchimbwa. Nikikosea, msomaji, nyoosha mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile Mjerumani alipokwisha kuizima Maji Maji. Njaa iliyofuata vita ilinishusha kutoka kwetu, huko juu Newala, mpaka Masasi kwa mama yangu mkubwa. Huko nikaolewa na Myao mmoja mrefu, msemaji, mwenye miguu mizuri. Sioni haya kuitaja miguu, ndiyo niliyoiona kwanza, maana nilikuwa nimeinama napalilia. Lakini si miguu iliyonifanya nikubali. Ni kisima. Kwa mama yake kisima kilikuwa karibu hata ukikohoa ndani ya nyumba vyura wananyamaza. Kwetu juu hakuna maji. Mwanamke anashuka genge zima la mlima alfajiri, anapanda na mtungi kichwani, akifika jua limeshakuwa kali, na maji yenyewe ni ya kunywa na kupikia. Kuoga ni uso na miguu, mengine Mungu anajua. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba mtungi ule sijitwiki tena.

Tatizo lilikuwa mjomba. Kwa desturi yetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba wangu alikuwa ameleta salamu: mleteni huyo mwanamume nimwone, kisha nitasema mtakaa wapi. Basi tukafunga mzigo wa chumvi wa kumlainishia. Chumvi wakati ule ilikuwa kitu, watu walikuwa wanachuja majivu ya majani. Tulikubaliana mume wangu ataiweka miguuni pa mzee, atapiga magoti, ataomba tukaishi Masasi.

Hatukupita barabara ya Mjerumani. Barabara ile ilikuwa nyoofu, kipofu asingepotea, lakini askari wakimkuta mtu mwenye mabega walimtwika mzigo wa serikali, na mtu alikwenda kwa shangazi akajikuta Lindi. Tukapita vichakani. Njia nzima mume wangu ananifundisha kutembea. Mimi, niliyezaliwa huko. Kila nikifungua mdomo ananiambia mwanamke hashiki njia kichwani, anafuata mgongo wa mumewe. Haya, nikaufuata mgongo.

Siku ya pili tulipanda genge asubuhi, tukafika juu, na huko juu vichaka vinasongamana hata mtu akiwa hatua tatu mbele unamsikia tu. Tukafika kwenye njia panda. Kushoto njia pana, imekanyagwa mpaka inang'aa. Kulia kinjia chembamba, utando wa buibui unakupiga usoni.

"Njia iliyokanyagwa sana," akasema mume wangu, "ndiyo inayokwenda kwa watu."

Huko kwao bondeni ni kweli. Kwetu inayokanyagwa sana ni ya maji, maana wanawake wote wanaipita kila siku, lakini nyumbani kwa mtu unakwenda akifiwa tu. Nilijua. Nikanyamaza. Nilitaka aende kidogo tu, njia ianze kuinama, nimwulize kwa adabu kama siku hizi Newala wameihamishia shimoni.

Ikainama, nikamwuliza. Alinuna kama kifaranga kilichonyeshewa, tukageuka. Sasa hapa ndipo nusu yangu inapoanza. Nilitangulia mimi, kwa maringo, natikisa kiuno ajue nani mwenyeji, na ile njia panda sikuiona tena. Wakati wa vita watu walihamahama. Vinjia vipya vilikuwa vimetobolewa kila upande na vya zamani vimefungwa na miiba. Tulizunguka mpaka tukakuta makapi ya muwa. Nikafurahi, nikasema hapa pana watu. Mume wangu akayatazama, akasema ni muwa wetu wenyewe, tuliutafuna hapa baada ya kupanda. Kibuyu kikawa kikavu. Yeye hakusema tena, na mwanamume yule asiposema ujue kiu imemkamata. Basi tulipoangukia tena kwenye njia pana, hatukubishana. Tukaifuata mpaka chini kabisa, genge lote tulilokuwa tumelipanda.

Chini tukakuta wanawake kama kumi wanachota. Wakamwona mwanamume amesimama kwenye maji yao, tena Myao, na Wayao kwetu ni watani. Mtani akikufanyia lolote huruhusiwi kukasirika.

Mama mmoja mnene wa makamo akamtazama toka juu mpaka chini. "Mtani, umekuja kuolewa huku?"

Niliwaeleza tunakwenda kwa mjomba. Kumbe alikuwa amehama, nyumba yake iko juu ya genge lilelile, na mama yule ni jirani yake. Akasema watatufikisha, lakini mwanamume hatoki kwenye maji yao mikono mitupu.

"Chumvi nipe mimi," akasema. "Wewe chukua mtungi wangu."

Wakamsokotea kata ya majani, wakamtwika. Kupanda kule sitakusahau. Maji yanamtiririka shingoni, shuka imemganda, na wanawake nyuma wanamwuliza, "Shemeji, unamwagilia njia iote?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alasiri tukatokea uani kwa mjomba, mume wangu mbele na mtungi, amelowa hadi kiunoni. Mama mnene akaiweka chumvi miguuni pa mjomba, naye hakuitazama. Alichota maji kwa kifuu, akanywa, akachota tena.

"Mmepita wapi?" akauliza.

Nikasubiri nisemwe. Mume wangu akajibu, "Njia nilichagua mimi, Mjomba."

Kisha akapiga magoti, akaomba kama tulivyopanga, akaomba vizuri, msemaji yule. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Masasi wana maji mlangoni," akasema. "Mtu kama huyu wa nini kwao? Nimeishi miaka yote hii sijaona mwanamume akinipandishia maji. Mtajenga hapa."

Nikalia. Mama yangu, aliyekuwa akikaa hapo kwa kaka yake, akadhani ni furaha, akapiga vigelegele.

Kesho yake alfajiri nikapewa mtungi, na niliushusha na kuupandisha genge lile miaka sita, hata nilipokuwa na mimba. Mume wangu alikuwa anajenga; mjomba hakumwomba maji tena hata siku moja. Wiki ya kwanza haijaisha, uchungu ukanishinda, nikamwambia ukweli wote: kwamba pale njia panda nilijua, na nilinyamaza makusudi. Alikuwa juu ya paa anafunga fito. Akafunga mbili tatu hivi bila kunitazama.

"Basi kesho ukienda kuchota," akasema, "shika njia iliyokanyagwa, mama. Nisikie umepotea."