Waipa Zilizogoma Kilimani Pugu

Mie udereva niliuanza kabla ya uhuru, na gari lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa moja jeusi la tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kila Jumapili nilimpeleka shambani kwake Pugu. Masika yalipoingia, waipa za kufutia kioo cha mbele zikaanza vituko.

Jamani, zile waipa! Nikiwasha gari uani, zinapiga kushoto kulia, safi kabisa. Tukianza kupanda kilima cha Pugu, mvua inamwagika, zinakufa. Inabidi nitoe kichwa dirishani ndipo nione barabara.

Nikalipeleka gari kwa fundi wa Buguruni. Akafungua boneti, akakagua mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye waipa, maana za siku zile zilivutwa na pumzi ya injini, si umeme. Mpira mzima. Akawasha gari palepale lilipo, zikapiga. Niliporudi mara ya pili akabadilisha mpira, akawasha, zikapiga. Mara ya tatu hata boneti hakufungua.

"Gari lako halina ugonjwa, bwana. Labda wewe."

Wallahi nilitaka kumzaba kibao.

Tajiri naye akachoka. "Dereva, Jumapili zikisimama tena, kazi basi." Nyumbani Temeke nilikuwa na mke na watoto watatu wadogo. Niliogopa, sitasema uongo.

Jumapili ikafika na mvua yake. Tukaanza kupanda, zikasimama. Nikajisemea, haya, yamekwisha. Nikaondoa mguu kwenye mafuta nisimamishe gari nimkabidhi ufunguo wake. Loh! Zikapiga. Nikakanyaga mafuta, kimya. Nikaachia, zinapiga. Nikasahau hata kwamba nafukuzwa.

"Tajiri, tazama! Tazama mguu wangu!"

Akautazama mguu, akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Unazizima kwa mguu."

Nimweleze nini, na siku zile mwenyewe sijui kwamba ukikanyaga mafuta mlimani, injini hukosa pumzi ya kuvuta waipa? Mguu ulikuwa wangu kweli. Kwa dakika ile hata mie nilijishuku. Akaniamuru nishuke, nikashuka mvuani, yeye akahamia kwenye usukani akaondoka kwa hasira, injini inanguruma.

Hakufika mbali. Nililiona gari linayumba, kisha likasimama katikati ya kilima. Honi ikalia. Nikasema sisogei ng'o, afie hukohuko. Ikalia tena, ndefu. Nikawakumbuka watoto, nikaanza kupanda, matope hadi vifundoni, na haraka sikuwa nayo.

Nikafungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kitupu. Tajiri alikuwa ameshahamia upande wa pili, anakifuta kioo kwa ndani kwa leso yake, wala haniangalii.