Suruali Isiyobana

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Shemeji yangu ni fundi cherehani, na yeye alijishonea mwenyewe kwa miaka, na huko kujishonea ndiko kulikotaka kumpofusha.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Huu mwaka wa tisa nakaa kwenye kiti cha pili cha karakana yao, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba: madirisha mawili, cherehani mbili, na meza ya kukatia yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali. Kazi yangu ni vifungo na pindo. Kazi yake ni yote yaliyobaki, pamoja na kuongea. Mtaa mzima unamwita Fundi Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Hata akienda kuoga, dada lazima amkumbushe kuivua.

Sasa sikia chakula chake. Asubuhi nusu mkate na chai ya maziwa yenye vijiko vitano vya sukari. Saa nne chai nyingine kama hiyo, na hiyo nilikuwa nampelekea mimi. Mchana mlima wa wali, na pembeni vipande viwili vya nyama vinavyochungulia kama wapangaji wasiolipa. Jioni mlima mwingine. "Mboga za majani waachieni mbuzi," alikuwa akisema. "Mimi sina pembe." Matunda aliyaita chakula cha wagonjwa. Maji alikunywa jagi kwa jagi, na sisi wajinga tukaona hapo angalau anajitahidi.

Mtu mwingine akinenepa, suruali humwambia. Hubana, kifungo huruka, mwenyewe akapata aibu na akafikiri. Fundi Futi hakuwahi kupata habari hiyo. Suruali ikianza kumsumbua, alifumua mshono wa nyuma kiunoni, akapachika kipande cha pembetatu, akapiga pasi, akavaa. Kazi ya dakika ishirini. Halafu akawa anawatambia wateja: "Suruali hii nimeolea, na hadi leo inanikaa." Na aliamini, maskini. Ndilo linalonichekesha mpaka leo, kwamba aliamini kabisa.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuona ukungu. Mara ya kwanza alinipa sindano akasema uzi ni mbovu. Mara ya pili mbovu ulikuwa mwanga. Baada ya hapo aliacha visingizio. Alinyoosha mkono tu, nami nikatia uzi, nikamrudishia.

"Shemeji, dada yako asijue," aliniomba. "Ataninyang'anya mkasi."

Nikakubali. Nilimwonea huruma, kweli, lakini pia nilijiona mtu wa maana, kwamba fundi mkubwa kama yule hawezi kuanza kazi bila mimi. Naandika hivi na uso wangu una moto.

Kisha zahanati ya mtaani ikatuagiza makoti meupe ya wafanyakazi, wakaja mmoja mmoja kupimwa. Wa mwisho alikuwa mtaalamu wao wa lishe, mama mfupi mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Watu wanamwita Bi Mizani. Alisimama amenyoosha mikono, shemeji akampima mabega, akaenda kunywa maji. Akampima kifua, akanywa maji. Akampima mkono, akanywa tena, kisha akanipa sindano bila kunitazama.

"Fundi, kiu hiyo ni ya kila siku?" Bi Mizani aliuliza.

"Kila siku. Si nyinyi mnaotuambia maji ni uhai?"

"Na chooni unakwenda mara ngapi?"

"Hilo swali ni la koti?"

Bi Mizani akacheka, akaivuta ile futi shingoni mwa shemeji. "Umenipima, sasa zamu yangu." Akamzungushia kiunoni, akasoma namba, na kicheko kikamwisha.

"Mbona umenyamaza?" shemeji alisema. "Mimi sijanenepa. Waulize watu suruali hii ina miaka mingapi."

Suruali yake nyingine, pacha wa hiyo, ilikuwa imening'inia kwenye msumari, inangoja pasi. Bi Mizani aliishusha, akaigeuza ndani nje, akaitandaza mezani. Vipande vitano, kimoja juu ya kingine! Cha bluu ya sare za shule, cha kijivu, cha khaki, cha mistari, na cha mwisho, Mungu anisamehe, cha waridi, kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Dada alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Kumbe ndiyo maana anafunga mlango akipiga pasi!" alisema.

Tulicheka sote, hata shemeji mwenyewe. Lakini Bi Mizani akauliza, "Na macho je?" na shemeji akanitazama mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeyaficha yasiyo yangu.

"Dada," nikasema, "huu ni mwaka sasa. Sindano zote namtilia uzi mimi."

Dada hakufoka. Aliuweka mwiko mezani, polepole, juu ya kitambaa cheupe cha watu. Ningependa zaidi angefoka.

Kesho yake tulikwenda zahanati watatu. Sukari ya damu ilikuwa juu sana. Daktari alimpa vidonge, kisha Bi Mizani akamweka kitako. Alimwambia ukungu wa namna ile mara nyingi huondoka sukari ikishuka, lakini akiiacha juu, mishipa ya ndani ya jicho itaharibika, na huko hakuna anayeweza kuahidi kitu. Baada ya miezi mitatu wangepima tena.

Shemeji aliuliza neno moja tu. "Nitashona?"

"Tutajua pamoja," Bi Mizani alimjibu.

Mtu asiyenyamaza hata akiwa na pini mdomoni alitembea njia nzima kimya, na nilimwogopea sana.

Woga ukamtia kichaa cha namna nyingine. Aliyewaachia mbuzi majani akawa mbuzi mwenyewe. Siku nne alikula mchicha na kabichi tu, wali hata kuunusa hataki, nyama hataki, maharage anayasukuma. Dada alimsihi, akaambiwa asiingilie matibabu. Siku ya nne alikuwa anatetemeka vidole, na siku hiyohiyo ndipo Bi Mizani alipofuata koti lake. Akalivaa. Mkono mmoja uliingia vizuri. Wa pili ulielekea nyuma. Fundi Futi, wa miaka ishirini na sita kazini, alikuwa ameshona koti lenye mikono miwili ya kushoto.

Bi Mizani alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akauliza, "Umekula nini wewe?"

"Majani. Si ulisema?"

"Nilisema nusu sahani. Nani kakwambia sahani nzima? Na unakunywa vidonge juu ya hayo! Utaanguka hapa."

Akamtuma dada alete sahani, akachukua chaki ya kukatia, akapiga mstari katikati. Nusu moja akasema ya mboga, za majani na za rangi nyingine, kwa vitamini na madini na kwa tumbo kwenda vizuri. Nusu ya pili akaigawa tena. Robo ya wanga, uwe wali au viazi au mkate, kwa sababu mwili bila nguvu hauendeshi cherehani. Robo ya protini ya kujenga mwili na kuukarabati: maharage, samaki, yai, nyama isiyo na mafuta mengi. Mafuta ya kupikia kwa kijiko. Tunda zima pembeni. Sukari ya chai, kwaheri.

Shemeji aliinama juu ya sahani ile muda mrefu, kama ninavyomwona akiinama juu ya kitambaa cha bei.

"Kumbe ni kukata tu!" alisema. "Koti lina mbele, lina mgongo, lina mikono na kola. Ukiniletea kola kumi, sikushonei koti."

"Basi siku nne umekula kola," dada akamjibu.

Kuanzia hapo alitusumbua vibaya. Kila mlo, chaki. "Mke wangu, wali umevuka mpaka." "Shemeji, sogeza hilo haragwe." Nilipomfumania amebana wali ndani ya robo yake lakini ameupandisha juu mpaka karibu na pua, alijitetea: "Bi Mizani alichora upana. Kimo hakukitaja." Dada akaleta rula.

Dada pia alichukua kisu kidogo cha kufumulia, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. "Suruali ikibana, ibane," alisema. Mimi nilishika chai. Nilimpunguzia kijiko kimoja kila wiki, nami nikanywa kama yake ili asiteseke peke yake. Wiki ya sukari sifuri alisema imekuwa kama maji yaliyosuuzia buli. Nguo za wateja akaanza kuzipeleka mwenyewe kwa miguu. Mwezi wa pili alianza kushika suruali kwa mkono akitembea isimdondoke, na kisu tukamnyima vilevile.

Siku ya kipimo walikwenda wawili, mimi nikabaki kulinda karakana. Nilishona kifungo kimoja mara tatu. Waliporudi, dada aliingia wa kwanza, akafungua kanga, akaweka kile kisu mezani mbele ya mumewe. Nikajua sukari imeshuka.

Shemeji alijifunga shuka, akakaa na suruali yake mapajani. Kipande cha waridi kikatoka. Cha mistari kikatoka. Cha khaki akakivutavuta, akakiacha. "Hiki bado ni changu," alisema. "Tutaonana kipimo kijacho."

Kisha akachukua sindano ili aufunge mshono. Mimi, kwa mazoea, nikanyoosha mkono.

Hakunipa. Aligeukia dirishani, akalowesha ncha ya uzi, akakunja jicho moja. Uzi ukapita pembeni. Akaulowesha tena, ukapita pembeni tena. Mara ya tatu ukaingia, akauvuta upande wa pili, mrefu, akafunga fundo.

"Shemeji," aliniambia bila kuinua kichwa, "huo mkono bado unadai nini?"

Nilijibu kwamba haudai kitu, nikaurudisha kwenye vifungo vyangu, na kwa muda mrefu sikuona hata tundu moja kwa machozi.