Dereva wa Rais Mstaafu na Mwanafunzi Wake wa Miaka 74

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi. Geti linafunguliwa na gari dogo jeupe linatoka kwa mwendo wa kinyonga. Aliyeshika usukani ana miaka 74 na aliwahi kuiongoza nchi kwa miaka kumi. Pembeni yake amekaa mlinzi, macho mbele. Nyuma yupo dereva wa serikali, mwanamke wa miaka 46, mkono wake umeng'ang'ania kishikio cha juu ya dirisha.

"Indiketa, Mzee."

"Nimeiona."

"Kuiona si kuiwasha."

Rais mstaafu anavuta kijiti. Waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Hata mlinzi, ambaye ni kama analipwa ili asicheke, anacheka.

Pale nyumbani kwa Mzee dereva huyu wanamwita Mama Taratibu. Ameendesha gari la wagonjwa miaka tisa na magari ya serikali miaka kumi na moja, na hajawahi kugonga hata kuku.

Sheria inampa kiongozi mstaafu nyumba, ofisi yenye katibu, matibabu, walinzi, mpishi, mtunza bustani, magari mawili na dereva. Mama Taratibu ameisoma mwenyewe.

"Nimeandikwa baada ya gari," anasema. "Gari kwanza, mimi nafuata. Lakini nimo kwenye sheria! Wewe umo?"

Mwandishi alikiri kwamba hamo.

Kisa chenyewe kilianza mwaka jana, malaria ilipomlaza Mama Taratibu kwa siku nne. Barua ya kuomba dereva wa muda ilikuwa bado inazunguka kutoka meza moja hadi nyingine. Ndipo simu ikapigwa: dada yake Mzee, bibi wa miaka 81 anayeishi kilomita saba kutoka hapo, ameteleza bafuni.

Hakuumia sana. Mke wa Mzee alikuwa amesafiri na gari lake dogo. Lakini Mzee alibaki amesimama uani akitazama magari mawili yaliyojaa mafuta, asijue hata funguo zinawekwa wapi. Walinzi hawaruhusiwi kushika usukani. Mwishowe alipelekwa na jirani, kwenye gari la kusambazia mayai.

"Niliporudi kazini nilimkuta ananisubiri barazani," anakumbuka Mama Taratibu. "Nikamwamkia, shikamoo Mzee. Hata marahaba hakuitika. Akasema, 'Binti yangu, nifundishe kuendesha.'"

Mara ya mwisho Mzee kuendesha alikuwa mwalimu kijana, miaka arobaini nyuma.

Nyumbani kwa Mama Taratibu habari hiyo haikupokelewa vizuri. Mumewe, fundi seremala, aliweka kijiko chini.

"Mke wangu, huko si kumfundisha mtu. Huko ni kujifukuza kazi kwa mikono yako mwenyewe."

"Niliogopa," anasema. "Wanangu wawili wako chuoni. Akijua kuendesha, mimi wa nini? Lakini kila nikimfikiria amesimama pale uani kama mzigo uliosahaulika, nashindwa kukataa. Nikasema liwalo na liwe."

Magari ya serikali hayaendeshwi na mtu mwingine, hivyo walichukua gari dogo la mke wa Mzee. Siku ya kwanza mwanafunzi alisimama kando ya mlango, akasubiri. Dakika nzima ikapita.

"Nikamwambia, Mzee, leo mlango unafungua mwenyewe. Akajishika kichwa!"

Wiki ile matuta mawili ya maua yalilala chini ya magurudumu, na mtunza bustani akahamishia kazi zake nyuma ya nyumba.

Baada ya wiki sita Mzee alipanga foleni ya mtihani kama wengine. Yeye na mkaguzi hawakufika mbali. Mita mia mbili tu, akapita taa nyekundu kama vile haipo.

"Msafara wake haukuwahi kusimama kwenye taa," anasema Mama Taratibu, akifuta machozi ya kicheko. "Hakujua kama ile rangi inamhusu na yeye."

Mkaguzi aliandika "Ameshindwa". Mzee akampa mkono. "Ahsante sana. Umenipima kama raia."

Mara ya pili alifaulu, na safari yake ya kwanza ikawa kwa dada yake. Bibi alitoka na mkongojo, akamtazama aliye kwenye usukani, kisha akamgeukia Mama Taratibu.

"Wee mwanangu, mbona umemwachia huyu gari? Huyu alinigonga na baiskeli!"

Halafu akamkumbatia mdogo wake, akakataa kumwachia.

Kazi haikupotea. Safari rasmi bado ni za Mama Taratibu. Sheria ni sheria. Kilichobadilika ni Jumamosi. Mkunga mstaafu, jirani wa bibi, aliona yote dirishani akaomba naye afundishwe. Sasa wanafunzi ni watano, hakuna aliye chini ya miaka sitini, na yule mume aliyeweka kijiko chini amewachongea nguzo za mbao za kujifunzia kuegesha. Mzee ndiye anayemshusha mwalimu kwenye uwanja wanaojifunzia, akielekea kwa dada yake.

Mwakani Mama Taratibu anataka kuisajili shule yake ya udereva kwa wazee, yenye gari lake lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Tayari yupo anayeomba ajira humo.

"Mzee anataka awafundishe kurudi nyuma," anasema huku akishuka garini. "Nimemwambia hapa hakuna upendeleo. Alete maombi kwa maandishi, aambatanishe na leseni."